Kama Lita Saba Hivi

Kibao cha Kathure kilikuwa hakipitwi bila kusomwa. Kilisimama mlangoni pa banda lake karibu na soko la Gakoromone mjini Meru, pale ambapo kila lori lililobeba ndizi au kabichi lazima lipunguze mwendo, na maandishi yake mekundu yalisomeka kutoka ng'ambo ya barabara: KOFIA YA UPEPO YA KANTA. INAOKOA LITA SABA. Chini, kwa herufi ndogo zilizobanana, aliongeza: NA MIKIA YA PROBOX, yaani vile vibawa vya faiba vinavyofungwa nyuma ya gari dogo.

Naam, fundi wa bodi mwanamke. Watu walimcheka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakamletea magari kwa siri, mwaka wa tatu wakawa wanagombania foleni. Mlango uliobonyezwa na ng'ombe, bonneti iliyopinda, bampa iliyong'oka, vyote Kathure alivinyoosha na kuvipaka rangi, na mwenye gari akirudi alilizunguka mara tatu akitafuta palipokuwa na kasoro asipaone. Alikuwa na haki ya kujipiga kifua, na alijipiga. Mtu asikudanganye kwamba alikuwa mnyenyekevu. Mnyenyekevu wapi!

Lakini kilichompa fahari kuliko vyote ni ile kofia. Kanta, lile lori dogo, unaijua ilivyo: kabini fupi mbele, na nyuma yake sanduku la mzigo lililoinuka juu zaidi ya kabini, kwa hiyo upepo wa barabarani unakuja kulipiga lile sanduku usoni. Kathure alianzia kwa wadudu. Malori yalipoletwa kupakwa rangi, aliona wadudu waliokufa wamejazana mahali pamoja tu, kwenye uso wa sanduku juu ya kabini, na tope nalo lilikuwa limegandia hapo hapo. Akajiambia, wanapofia wadudu ndipo upepo unapogonga. Basi akafinyanga kofia ya faiba yenye mgongo wa mviringo, akaifunga juu ya kabini ili upepo upande na kupita.

Ya kwanza ilikuwa fupi, wadudu wakaendelea kufa kama kawaida. Ya pili ilisimama mno, ikapiga mluzi njia nzima mpaka dereva akairudisha akiwa ameshika kichwa. Ya tatu, ya nne na ya tano tusizitaje. Ya sita ilikwenda Nairobi ikarudi, na uso wa sanduku ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Kathure alisimama mbele ya lile lori, mikono kiunoni, akacheka peke yake mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

Mpaka hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye zile lita saba.

Dereva wa ile Kanta aliitwa Kailemia, mtu mchangamfu mwenye mdomo mwepesi. Kathure alimwuliza, "Na mafuta je?" Kailemia akatazama juu, akakuna kidevu, akasema, "Imepunguza, haki! Kama lita saba hivi." Kathure hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alichukua brashi siku hiyo hiyo, na alipofika mwisho wa ubao akakuta nafasi haitoshi. Akaacha "kama". Akaacha na "hivi". Maneno mawili madogo, nani angeyakosa? Zikabaki lita saba, zimesimama wima kama sheria ya serikali.

Miezi minane ilipita kabla hajaja mtu wa kuyakosa.

Alishuka kwenye Kanta nyeupe iliyotoka Embu na magunia ya mahindi, mzee mrefu, mkavu, sweta ya kijivu imefungwa vifungo vyote katika jua la saa sita, mfukoni kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Alikisoma kibao kutoka juu hadi chini, akakirudia kutoka chini hadi juu.

"Lita saba katika ngapi?" akauliza.

"Karibu, mzee wangu. Katika safari."

"Safari ya wapi mpaka wapi? Na mzigo gani? Ilipimwa na nani?"

Kathure alikuwa na jibu la kila mteja, ulimi wake haukuwahi kulala. Siku hiyo aliinua macho kwanza, akamtazama mzee usoni. Si maswali yaliyomsimamisha, ni ile sauti, iliyokuwa ikikata maneno kama mtu anayekata kuni. Alikuwa Mwalimu Muchangi. Alimfundisha fizikia kidato cha pili, miaka karibu thelathini iliyopita, kabla hajastaafu na kurudi kwao Embu.

Na alikuwa amemwandikia neno. Muhula ule wa mwisho kabla Kathure hajaacha shule, Mwalimu Muchangi alijaza ripoti yake kwa kalamu nyekundu, neno moja tu mbele ya fizikia: Anakisia. Babake Kathure hakujua kusoma. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili akauliza, "Hapa pekundu panasema nini?" Kathure akamjibu, "Panasema ninajitahidi." Mzee akafurahi. Akaizungusha ile ripoti kwa majirani, akiwaonyesha kwa kidole pale pekundu, mpaka kwa mke wa mchungaji, aliyejua kusoma vizuri sana na ambaye, Mungu ambariki, hakusema kitu. Babake alikufa akiamini hivyo. Kathure alikuwa hajawahi kumwambia mtu jambo hilo, na lilikuwa bado linamchoma.

Mzee mwenyewe hakumtambua. Angemtambuaje? Aliacha kisichana cha sketi ya bluu, sasa mbele yake kuna mama wa miaka arobaini na minne, ovaroli imejaa vumbi la faiba, kitambaa kichwani.

"Sikiza, fundi," Mwalimu akasema. "Nyumbani tuna Kanta nne za namna hii. Nionyeshe hizo lita saba kwa macho yangu mawili, nitakuletea zote nne uzivike kofia, na wachukuzi wenzangu wa Embu nitawaambia mimi mwenyewe. Zikikosekana, unakishusha hicho kibao. Hakifai kusomwa na watoto wanaopita kwenda shule."

"Atii akishushe!" Mbae akaruka. Mbae alikuwa mchomeleaji aliyegawana banda na Kathure, mtu mwenye mikono mizito na moyo mwepesi. "Mzee, huku ni Meru! Kwani wewe ni nani?"

Kathure akamnyamazisha kwa kiganja. "Nimekubali," akasema.

Wengine walidhani ni kiburi, na kiburi kilikuwepo, kwa nini tufiche? Lakini zaidi ya kiburi alitaka lile neno jekundu lifutwe, na lifutwe na mkono ule ule ulioliandika.

Masharti aliyatoa Mwalimu, na alikuwa nayo tele. Lori lake mwenyewe, magunia ishirini ya mahindi ndani, yasipungue wala kuongezwa. Safari ni Meru mpaka Embu na kurudi, siku ya kwanza bila kofia, siku ya pili na kofia. Dereva Kailemia siku zote mbili, mwendo usizidi sabini, madirisha yafungwe. Tenki lijazwe asubuhi mpaka pampu ikate yenyewe, na wakirudi lijazwe tena kwenye pampu ile ile mpaka ikate. Kinachoingia jioni ndicho kilicholiwa njiani.

Jumatatu walikwenda bila kofia. Mahindi ya Embu yaliyokuja Meru yakarudi Embu, yakazunguka, yakaja Meru tena, na pale Runyenjes waliposimama kidogo mama mmoja mwenye parachichi akauliza kama hayo mahindi yanatalii. Mwalimu hakucheka. Alikuwa na daftari la mraba magotini, anaandika kila kilima. Walipofika Meru, Tabby, msichana wa pampu, akaingiza bomba, na pampu ikakata kwenye lita arobaini na moja na pointi mbili. Mwalimu akaandika kwa kalamu ya bluu.

Jumanne alfajiri Kathure akaifunga kofia. Aliipaka nyeupe ifanane na kabini, akaipitisha msasa wa mwisho kwa mkono wake. Saa moja na nusu walikuwa kwenye pampu, ikajaza tone la kukamilisha, ikakata, Mwalimu akashuhudia. Kisha Mwalimu na Kailemia wakavuka barabara kwenda kunywa chai, naye Kathure akakimbia bandani kuchukua spana, maana nati moja ya kofia aliiona haijabana sawasawa. Alitoka kama robo saa. Aliporudi, Mbae na vijana wa banda walikuwa wamesimama kando ya lori, wametulia kama waumini, hata akajiuliza wamekula nini.

Wee, safari ile! Kathure alikaa katikati ya Kailemia na Mwalimu, sikio lake lote likiwa juu ya kabini. Jana yake upepo ulikuwa unanguruma pale juu bila kupumzika, hasa walipoteremka kuelekea Chuka. Leo ulikuwa unapita. Ulipanda mgongo wa kofia ukaenda zake, na kilichosikika ni injini na magurudumu tu. Kathure alimtazama Mwalimu kwa pembeni aone kama naye anasikia. Mwalimu alikuwa ameinua kidevu, ameinamisha kichwa upande, kalamu imesimama.

"Sabini, Kailemia," akasema. "Hiyo ni sabini na tatu."

Walizunguka Embu, wakarudi, na saa tisa na nusu alasiri waliingia Meru wakakuta pampu imezungukwa na watu. Habari zilikuwa zimefika sokoni. Wamama wa ndizi wameacha ndizi, wenye bodaboda wamezima pikipiki, kila mtu anataka kuona mwalimu wa Embu akiyameza maneno yake. Tabby akaingiza bomba. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti kuanzia thelathini, kama wanafunzi. Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Thelathini na tano, na pointi moja.

Tap. Pampu ikakata.

Kelele zilizopigwa pale, hata wauguzi wa hospitalini walizisikia. "Sita!" mtu akapiga mayowe. "Sita na ushei! Hiyo ni saba!" Wamama wakapiga vigelegele. Kailemia akaruka kutoka kabini akijigamba kwamba yeye ndiye aliyesema mwanzo, si mwingine. Mwalimu Muchangi alikuwa anaangalia ile namba kwenye pampu, amebana kope, anatoa kalamu taratibu, anaandika, anaangalia tena. Kisha akamgeukia Kathure na kusema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, "Sita na pointi moja, fundi. Kibao chako kilisema saba, lakini sitabishania pointi. Nitakuletea zilizobaki."

Jamani, furaha! Kathure aliona kofia nne, malori manne, barabara nzima ya Embu ikipita na kazi ya mikono yake juu ya vichwa. Aliona babake na ile karatasi. Watu walimkumbatia, walimpiga mgongoni, naye alicheka na machozi pamoja.

Hapo ndipo Mbae alipomsogelea sikioni. Alikuwa anang'aa kwa furaha, maskini, anadhani anamletea zawadi.

"Mama Kajuju," akanong'ona, akimwita kwa jina la mwanawe kama kawaida, "hukujua tulikutolea jasho. Asubuhi mlipokwenda, tuliitingisha."

"Mliitingisha nini?"

"Lori! Watano, huku na huku, mpaka tenki likacheua. Povu likashuka, hewa ikatoka, Tabby akaongeza mengine. Nililipa mimi." Akakonyeza jicho. "Sasa jioni hatujaigusa. Umeelewa? Hiyo ndiyo akili ya Meru."

Kathure alielewa. Angekosaje kuelewa? Kila mtu hapa akijaza tenki hutingisha gari, ni desturi. Mwenye gari mwenyewe hushuka akashika mlango akasukuma, anaona amefaidi. Asubuhi tenki lilishindiliwa mpaka shingoni, jioni likajazwa juujuu. Mafuta yaliyoonekana kuokolewa na kofia, sehemu yake ilikuwa bado hewa na povu mle tenkini.

Akabaki na tabasamu lililokauka usoni. Wanaojua ni Mbae, vijana wanne na Tabby, na hakuna hata mmoja wao angemwaga mtama. Mwalimu alikuwa anafunga daftari. Kathure akajiambia, nyamaza tu. Kofia inafanya kazi, umeisikia mwenyewe, wadudu wenyewe ni mashahidi. Nani ataumia? Nyamaza, mwanamke, leo ni siku yako.

Lakini alimwona babake tena, amenyoosha kidole pale pekundu, anauliza, panasema nini? Safari hii Kathure alishindwa kumjibu. Akahisi hasira, si kwa Mbae, kwa nafsi yake. Alikuwa na kofia nzuri, kazi ya mikono yake, ametengeneza sita ndipo akaipata, halafu asimame nayo juu ya hewa ya tenki? Aibu gani hiyo! Kama kitu chako ni kizuri, unaogopa nini kukijua?

"Mwalimu!" akaita. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, watu wakageuka. "Usifunge daftari. Hiyo namba si ya kweli."

Mbae akamvuta mkono. "Mama Kajuju, unajichoma!"

"Wacha nijichome. Mwalimu, asubuhi mlipokwenda chai hili lori lilitingishwa, likaongezwa mafuta. Sikujua, nimeambiwa sasa hivi. Jioni hii halijatingishwa. Litingishwe."

Mama mmoja wa ndizi akasema "Uui" polepole, kama mtu aliyeona chungu kinapasuka. Mwalimu Muchangi akafungua kalamu. Wala hakukasirika, ajabu ile. Macho yalimwamka.

"Walikuwa wangapi?" akauliza.

"Watano," Mbae akajibu, ameinamisha kichwa.

"Wale wale waje. Mlisukuma mara ngapi?"

"Hatukuhesabu, Mwalimu. Mpaka likacheua."

"Basi mpaka licheue."

Wakalishika. Mbae mbele, vijana wanne nyuma yake, wakalisukuma na kuliachia, huku na huku, na mahindi ndani yakanung'unika, watalii wa watu. Hakuna aliyecheka. Kathure alisimama kando ya pampu, amefumbata mikono kifuani. Tenki likacheua. Tabby akaingiza bomba tena, na namba zikaanza kupanda kutoka pale zilipokuwa zimesimama.

Thelathini na sita. Thelathini na saba. Simama, Kathure akaomba moyoni, simama hapo. Thelathini na nane. Watu hawakuhesabu tena kwa sauti. Ikafika thelathini na tisa, na sasa aliona kila pointi moja moja, na akajua kwamba ikifika arobaini na moja, kofia yake ni kofia ya urembo na maisha yake yote amekuwa mtu wa kukisia.

Tap.

Thelathini na tisa na pointi moja.

"Arobaini na moja na pointi mbili, toa thelathini na tisa na pointi moja," Mwalimu akasema, akiandika. "Lita mbili na pointi moja."

Mbae akaketi juu ya kopo la oili. Umati ukaanza kuyeyuka kwa aibu, kila mmoja akakumbuka kwamba ana ndizi zake. Saba zimekuwa mbili! Kailemia alijificha nyuma ya lori, mtu mzima huyo.

"Nitakishusha kibao," Kathure akasema. Alisema akiwa amesimama wima. Hakutazama chini.

"Ngoja," Mwalimu akasema. "Hizo saba, hata ungenitingishia pampu yenyewe, nisingeziamini. Ningefika Embu ningepima upya, na sijui kama ningerudi. Kwa barabara ya vilima kama hii, kwa mwendo wa sabini, nilikuwa nimetarajia lita moja na nusu." Akakigonga kibofyo cha kalamu kifuani. "Wewe umenipa mbili na pointi moja. Hiyo kofia nani alikuchorea?"

"Wadudu," Kathure akajibu.

"Nini?"

Akamweleza. Akamwonyesha uso wa sanduku, ulivyokuwa safi, na jana yake ulivyokuwa. Akamweleza ya kwanza iliyokuwa fupi na ya pili iliyopiga mluzi. Mwalimu alisikiliza, akapanda kwenye bampa kwa tabu na sweta yake, akapitisha kiganja juu ya mgongo wa kofia kutoka mbele hadi nyuma, akashuka.

"Na mikia ya Probox?" akauliza ghafla. "Nayo inaokoa ngapi?"

Kathure akacheka, ikawa kama kufungua dirisha. "Mwalimu, ile ni urembo."

"Nilijua!"

"Nami nilijua. Sikuwahi kuandika kwamba inaokoa kitu." Kisha, kwa sababu siku yenyewe ilikuwa ya kusema, akasema. "Mwalimu, mimi ni Kathure. Uliniandikia kidato cha pili, kwa hiyo hiyo nyekundu, kwamba ninakisia."

Mzee akamtazama. Alimtazama kwa muda, kitambaa, ovaroli, mikono, akirudi nyuma miaka na miaka kumtafuta, na mtu angeona kwamba hampati. Walikuwa wengi mno, na wekundu ule alikuwa ameumwaga kwa wengi.

"Na ulikuwa unakisia?" akauliza.

"Nilikuwa nakisia. Hata zile saba nilikisia. Dereva aliniambia 'kama lita saba hivi', nikaacha 'kama' na 'hivi', ubao ulikuwa umejaa."

Hapo Mwalimu Muchangi akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike Meru, kicheko kikavu kilichomtikisa mabega. Akafungua daftari. Akanakili namba zote kwenye ukurasa mpya kwa kalamu ya bluu, ya Jumatatu na ya Jumanne, akaandika pia kutingishwa, watu watano, kwa sababu yeye ni yeye. Kisha akarudisha kalamu ya bluu mfukoni, akatoa nyekundu, akaandika chini neno moja. Akauchana ule ukurasa kwa uangalifu, akampa.

Neno lilisema: Amepima.

"Alhamisi nitakuletea ya pili," akasema akipanda kabini. "Hizo nyingine wiki ijayo. Na hii kofia nakwenda nayo, usiifungue. Wachukuzi wenzangu nitawaambia mbili. Wakikuuliza saba, watakuwa wamezitoa kwingine."

Kathure aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, kama babake. Alilia pale pampuni, mbele ya Tabby na Mbae na wenye bodaboda, na hakufuta macho. Kama mtu angemuuliza pale pekundu panasema nini, angesoma kama palivyoandikwa.

Kesho yake asubuhi alikishusha kibao mwenyewe, akakikwaruza kwa msasa mpaka ubao ukatoka mweupe, akaandika upya kwa mkono wake. KOFIA YA UPEPO YA KANTA. LITA MBILI, MERU–EMBU NA KURUDI. IMEPIMWA. Chini yake: MKIA WA PROBOX NI UREMBO TU. Ukurasa wa Mwalimu aliutia ndani ya plastiki, akaupigilia ukutani karibu na leseni ya kaunti, mahali ambapo kila anayeingia lazima auone kabla hajaona kitu kingine.

Kijana mmoja mwenye Probox ya bluu akasimama, akakisoma kibao, akakuna kichwa. "Fundi, sasa huu mkia hauokoi kitu?"

"Hata tone."

Kijana akaliangalia gari lake nyuma, akawaza. "Niwekee tu," akasema. "Mrefu kidogo."

Mbae alicheka mpaka akatoa miwani ya kuchomelea. Alikuwa amenyamaza tangu jana, hajui kama amesamehewa, na sasa aliona mlango uko wazi. Akasogea kwenye kibao, akakitazama kwa jicho la fundi, akaonyesha kwa kidole.

"Mama Kajuju, safari hii nafasi imebaki," akasema. "Hapa, nyuma ya lita mbili. Si ungeweka lile 'kama' lako, na 'hivi' hapa mwisho?"

Kathure alikuwa ameshainama nyuma ya Probox, anapima upana wa mlango kwa utepe.

"Acha nafasi ikae," akasema. "Hayo maneno siyahitaji tena."